Bi Moshi na Taa ya Ngazi

Jina la Bi Moshi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, maana kila aliyechungulia kile chumba cha chini alimkuta ameinama mezani, chuma cha kulehemu mkononi, na uzi wa moshi wa risasi inayoyeyuka ukipanda mbele ya uso wake kama wa mvuta tumbaku. Jina likapanda ngazi likafika juu, hata mama yake mzazi akalizoea. "We Bi Moshi, chai inapoa!"

Chumba chenyewe kilikuwa cha baba yao, fundi redio. Zamani baba alimwita mwanawe wa kiume akae naye mezani ajifunze. Kijana akakaa siku chache, akaunguza kidole, akasema kazi ya kukodolea macho vidudu haimfai mtu mwenye damu. Binti hakuitwa. Alikwenda tu kupeleka chai, akasimama kutazama, akavuta kigoda. Miaka ikapita yeye yupo palepale. Baba alizoea kuwaambia wageni, "Huyu ndiye mwenye mkono," na alikuwa akisema hivyo mbele ya mwanawe wa kiume. Maneno ya namna hiyo mzazi huyasema akicheka, akayasahau kabla kikombe hakijapoa. Anayeyasikia ndiye hasahau.

Bi Moshi aliolewa, akaachika. Mume alisema amechoka kulala na mtu anayenuka risasi. Akarudi nyumbani na sanduku lake la nguo na lingine zito zaidi la vyuma. Baba alipofariki hakuna aliyekaa kikao cha kuamua nani ashike nyumba. Kaka yake, yule aliyeunguza kidole, alichukua funguo juu ya kabati, akazitia mfukoni, basi.

Ilikuwa nyumba nyembamba, imebanwa katikati ya majengo mawili kama kitabu rafuni. Chini karakana. Ghorofa ya kati, yenye vyumba vikubwa, aliishi kaka na mkewe na watoto. Mama, mwenye nyumba hasa, alihamishiwa juu kabisa, "kwa muda tu," kaka alisema, mpaka watoto wakue. Watoto wakakua, wakaota ndevu, mama bado yuko juu. Alilala chumba kimoja na Bi Moshi, na jirani yao ukutani alikuwa mpangaji, fundi cherehani, mwanamke mpole ambaye mashine yake ilisikika kutwa.

Sasa ngazi za nyumba hiyo hazikuwa na dirisha hata moja. Nje jua la kuchoma ngozi, ndani giza totoro. Balbu ilikuwa moja, swichi yake chini mlangoni. Anayepanda huiwasha, akifika juu nani atashuka tena kuizima? Ikawa inawaka kutwa kucha. Kaka akapiga kelele, hakuna aliyesikia. Siku moja akaichomoa balbu akaiweka mfukoni pamoja na funguo zake, watu wakawa wanapapasa kuta kama vipofu wapya.

"Rudisha balbu," Bi Moshi akamwambia. "Nitatengeneza kitu kitakachoizima chenyewe."

Alikitengenezea chumbani juu, jioni, mama akiwa kitandani anakunja nguo. Mama alikuwa mtu wa kutaka kujua.

"Hiki kama pipa ni nini?"

"Kapasita, mama. Ichukulie kama ndoo ya umeme. Ukibonyeza kitufe pale mlangoni, ndoo inajaa papo hapo. Ukiachia, inaanza kuvuja."

"Sasa ndoo inayovuja itanisaidia nini mimi?"

"Ndiyo tunataka ivuje! Tundu lake ndilo hili." Akamwonyesha rezista ndogo yenye kichwa cha kuzungushwa kwa bisibisi. "Nikilibana, umeme unatoka kidogokidogo, taa inakaa. Nikilifungua, unaisha upesi."

"Na taa inajuaje kama ndoo bado ina kitu?"

Bi Moshi akainua kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya mahindi. "Huyu anaitwa transista. Ni bawabu. Mguu huu ni sikio lake. Umeme kidogo tu wa kutoka kwenye ndoo ukimgusa sikioni, anafungua njia katikati ya miguu miwili iliyobaki, na umeme mkubwa zaidi unapita. Ndoo ikikaribia kwisha, sauti inakuwa ndogo, hasikii tena, anafunga lango."

"Basi bawabu ndiye anayewasha balbu."

"Hana nguvu hizo, ataungua. Yeye anaiamsha hii, rilei. Ndani yake mna sumaku inayopata nguvu umeme ukipita tu. Ikiamka inavuta kibati, tak! Kibati ndicho kinachounganisha umeme wa balbu. Umeme ukikatika, sumaku inalala, kibati kinarudi, tak! Giza."

Mama akaweka chini nguo aliyokuwa anaikunja. "Kwa hiyo ndoo inamnong'oneza bawabu, bawabu anamwambia sumaku, sumaku inamwambia kibati. Yote hayo kwa balbu moja! Kumbe umbea haukuanzia mtaani kwetu."

Walicheka mpaka fundi cherehani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Na haka kadogo ka pembeni?"

"Dayodi. Sumaku ikilala inarusha teke la umeme kurudi nyuma. Kasipokuwapo haka ka kulipokea, teke linamuua bawabu."

"Kila nyumba ina wa hivyo," mama akasema, akarudi kwenye nguo zake.

Kisanduku kikafungwa ukutani chini, kando ya mlango wa karakana, juu kiasi cha kufikiwa kwa kiti. Muda wake Bi Moshi hakuupima kwa saa. Aliupima kwa magoti ya mama. Walipanda pamoja kutoka mlangoni, mama ameshika ukuta, akapumzika kwenye kituo cha katikati, akaanza kisa cha shoga yake wa zamani, akakimaliza, wakaendelea, akapumzika tena, akatafuta ufunguo wake kwenye pindo la nguo. Taa ikazimika kabla hajaupata. Bi Moshi akashuka, akabana tundu kidogo. Wakapanda tena. Mara ya mwisho taa ilibaki inawaka mama alipokwisha kuingia chumbani, akavua na ndala. Hapo Bi Moshi akadondoshea rangi ya kucha, nyekundu, juu ya kile kichwa cha rezista, kama mafundi wafanyavyo, kisije kikazunguka chenyewe kwa mtikisiko wa mlango.

Alitaka kuweka kitufe cha pili pale kwenye kituo cha katikati, mtu akichelewa abonyeze tena. Kaka akakataa. Ukuta umepakwa rangi juzijuzi, alisema, hautatobolewatobolewa kwa ajili ya michezo.

Kwa kitambo mambo yakaenda vizuri. Fundi cherehani alisifu. Wageni walibonyeza kitufe kwa kujifurahisha, wakasimama kungoja waone itazimikaje. Mmoja alimwambia kaka, akimpiga bega, "Dada yako huyu angekuwa mwanamume angefika mbali." Kaka alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Kisha yakaanza manung'uniko. Vijana wa ghorofa ya kati hupanda mbiombio, wanafika, wanafunga mlango, na taa bado inawaka.

"Inamulika nini?" kaka aliuliza, amesimama mlangoni mwa karakana. "Inamulika ukuta. Inakaa kama inasubiri bibi harusi. Ipunguze."

"Inamsubiri mama, kaka."

"Mama anatoka mara ngapi? Mtu mmoja anatoka kwa nadra, sisi wote tumulike ukuta?"

"Niruhusu niweke kitufe cha katikati, nitaipunguza leo hii."

"Nimeshasema kuhusu ukuta."

"Basi na mimi nimeshasema kuhusu mama."

Alirudi kwenye kazi yake. Kaka alisimama pale kidogo zaidi, ameduwaa, maana hakuzoea kujibiwa hivyo na mtu wa nyumba yake. Kisha akaondoka.

Siku ya ajali Bi Moshi alikwenda sokoni asubuhi kununua risasi. Aliporudi aliingia moja kwa moja karakanani, hakupanda juu. Mama alikuwa ametoka asubuhi ileile kumjulia hali mgonjwa nyumba ya tatu. Mchana Bi Moshi alimsikia akirudi, akaisikia sauti yake mlangoni, "Bi Moshi, nimerudi," akaitikia bila kuinua uso. Kitufe. Tak. Ndala zikaanza kupanda, moja, nyingine, moja, nyingine.

Tak.

Alijua kabla ya kujua. Mkono wenye chuma cha moto ukasimama hewani. Ndala zilikuwa bado hazijafika hata kituo cha katikati. Akafungua mdomo aite, "Mama, usisogee!" na kabla neno halijatoka akasikia mama akicheka kidogo gizani, kicheko cha mtu aliyeshtuka, kisha kishindo, kisha kishindo, kisha ukimya.

Nyonga ilivunjika. Walimbeba kwenye mlango uliong'olewa bawaba, hospitali wakamlaza.

Jioni ile, kabla ya kwenda tena kumwona, Bi Moshi alikifungua kisanduku. Alipima kapasita, nzima. Transista nzima. Rilei nzima. Kichwa cha rezista kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho upande wa kufungua, na kwenye mfereji wake wa katikati mlikuwa na mkwaruzo mpya wa bisibisi iliyozidi ukubwa. Ile rangi nyekundu ilikuwa imepasuka, vipande vyake vimelala chini ya kisanduku kama magamba.

Hospitalini, kwenye korido, jamaa walikuwa wamejaa, wajomba na shangazi na majirani. Kaka alikuwa katikati yao. "Mtambo umeharibika," alikuwa anawaambia. "Vitu vya kuungaunga. Mimi nilisema toka mwanzo."

"Haukuharibika," Bi Moshi akasema. "Kuna mtu ameuzungusha."

Kaka akamgeukia taratibu.

"Nani? Nani katika nyumba ile anajua vidude vyako zaidi yako? Wewe si ndiye mwenye mkono?"

Alilitoa lile neno la baba kama mtu anayelipa kitu alichokitunza muda mrefu. Bi Moshi akamtazama wifi yake. Wifi alikuwa anatazama viatu vyake. Akaanza kueleza, kapasita, tundu, rangi iliyopasuka, lakini aliona macho ya watu yakitoka kwake moja baada ya jingine. Shangazi mmoja akamshika mkono, "Mwanangu, si wakati wake huu." Kadiri alivyofafanua ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayejitetea.

Mama alimwita peke yake siku mbili tatu baadaye. Uso ulikuwa umesinyaa, sauti ileile.

"Nilimwona," akasema. "Asubuhi ile, wakati natoka. Alikuwa juu ya kiti, kile kisanduku kiko wazi. Nikadhani anafuta vumbi."

Bi Moshi akakaa kitandani. "Mama, basi waambie."

"Sitawaambia. Na wewe hutawaambia."

"Mama!"

"Nisikilize. Nikisema, wajomba zako watamtafuna. Watamnyang'anya funguo, watamfukuza na watoto wake, na yeye si mtu wa kuvumilia aibu. Atajidhuru. Namjua, nimemzaa. Hakukusudia. Alitaka taa izime, hakutaka mimi nianguke."

"Na mimi, mama? Mimi hukunizaa?"

"Wewe utabeba. Unaweza."

Katika maisha yake Bi Moshi aliwahi kutukanwa, aliwahi kuachwa, aliwahi kuambiwa ananuka. Hakuna kilichomuuma kama sifa ile. Alitaka kusema kwamba kuweza si kosa, mtu asiadhibiwe kwa kuweza. Lakini mama alikuwa amemshika kidole kimoja, kama alivyomshika zamani wakivuka barabara, na hakumwachia mpaka alipoitikia.

Akaitikia.

Mama akarudishwa nyumbani, akapandishwa juu kwa machela. Hakushuka tena. Hakuna aliyetaja kubadilishana vyumba, ghorofa ya kati na ya juu. Bi Moshi alingoja kaka aseme, wifi aseme, mmoja wa vijana aseme. Mwishowe akauliza mwenyewe. Kaka akajibu kwamba kumhamishahamisha mgonjwa ni kumtesa. Kisanduku alikwisha kuking'oa siku iliyofuata ajali, akarudisha swichi ya zamani, na tangu hapo taa ya ngazi iliwaka kutwa kucha. Hakuna aliyelalamika kwamba inamulika ukuta.

Wateja walianza kupungua. Si kwa ugomvi, la. Mtu alipita mlangoni, akasalimia kwa adabu, akaendelea na redio yake kwapani kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Siku moja watoto waliokuwa wanacheza nje waliulizana, "Ukitaka kumuua bibi yako utampeleka kwa nani?" wakajibizana kwa kicheko. Bi Moshi aliwasikia vizuri. Wazazi wao nao waliwasikia, wakawakemea kwa sauti ya chini, ile sauti ya kukemea kilichosemwa mahali pasipofaa.

Alimuuguza mama kwa muda uliobaki. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha. Kuna jambo lisilosemwa juu ya uuguzi, nalo ni kwamba alikuwa akimpenda na kumkasirikia kwa mkono uleule mmoja. Kuna asubuhi alimchana nywele kwa nguvu kupita inavyotakiwa, mama akanyamaza, naye akajua mama anajua ni kwa nini. Mara moja tu alisema, "Mama, niruhusu." Mama akageuza uso ukutani. Akafa na neno lake.

Siku ya mazishi nyumba ilifurika. Walipokwisha rudi makaburini, watu wamekaa kwenye mikeka chini, kaka alisimama kuwashukuru. Aliongea vizuri. Alilia kidogo, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akasema:

"Kuna jambo limekaa ndani ya familia hii. Wote mnalijua. Leo, mbele ya ndugu na majirani, nasema dada yangu nimemsamehe. Kifaa ni kifaa. Hakukusudia. Naomba na nyinyi mumsamehe."

Watu wakaitikia kwa mguno wa huruma. Mzee mmoja akatikisa kichwa, "Kikulacho ki nguoni mwako," lakini akaambiwa anyamaze, mtu ameshasamehewa. Wanawake wakaja kumkumbatia Bi Moshi mmoja mmoja. Alikumbatiwa, mikono yake imening'inia kama kamba.

Aliahidi kutowaambia watu. Hakuahidi kutomwambia yeye. Wageni walipopungua alimfuata uani, alikokuwa ananawa miguu.

"Kaka. Mama alikuona."

"Aliniona wapi?"

"Juu ya kiti. Asubuhi ile. Kisanduku kiko wazi."

Alikunja uso, akawaza. Maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye birika.

"Nilikuwa nabadilisha balbu," akasema.

"Balbu iko juu, kaka. Kisanduku kilikuwa chini."

"Basi siku nyingine hiyo." Akaweka birika, akamshika bega, mkono wake una maji. "Mdogo wangu, majonzi yasikuvuruge. Mimi nimekwisha kusamehe kwa moyo mweupe. Na wewe jisamehe."

Bi Moshi aliutafuta uwongo usoni mwake kama anavyotafuta waya uliokatika, kipande kwa kipande, macho, mdomo, paji la uso. Hakuuona. Alikuwa ameisimulia hadithi yake mara nyingi mno, ikawa ndiyo iliyotokea. Bi Moshi peke yake sasa duniani ndiye aliyebaki na ile nyingine.

Au alidhani yuko peke yake. Siku chache baadaye alipokuwa anafunga vyombo vyake kwenye masanduku, fundi cherehani alibisha mlango. Alisimama kizingitini, utepe wa kupimia bado shingoni.

"Dada, nimekuja kukwambia kitu, nimeshindwa kulala nacho." Akaushika ule utepe. "Siku ile nilishuka kuchota maji. Nilimwona kaka yako anahangaika na kile kisanduku. Alinisalimia hata. Nikataka kusema kule hospitali, lakini mimi mpangaji tu. Angenitoa. Ningekwenda wapi na mashine?"

Bi Moshi aliendelea kuviringisha waya mkononi, kwenye kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko.

"Ulikuwa ukutani hapo," akasema. "Mwaka mzima. Ulikuwa unanisikia usiku."

"Nilikuwa nakusikia."

"Sasa unaniambia ili nifanye nini?"

Mwanamke yule akaanza kulia. "Nilitaka tu ujue kwamba mimi najua."

"Nimejua. Nenda kashone."

Alihama mwisho wa wiki. Alipata chumba kimoja upande wa pili wa mji, nyumba ya chini isiyo na ngazi, ambako hakuna aliyemjua wala kumwita jina lolote. Meza akaiweka karibu na dirisha. Anatengeneza chaja, pasi, redio chache za watu wazima wasiotaka kubadilika. Hata mtambo wa kujizima, akiombwa, anautengeneza, na kuutengeneza vizuri, na rangi ya kucha anadondoshea. Hakuchukia kazi yake. Chuki yake ilikuwa na mtu wake, naye hakuwa mezani pale.

Kaka hutuma salamu kila baada ya muda, na watu wa kupatanisha. Wa karibuni alikuwa yule shangazi wa korido. Alikunywa chai yake, akatazama chumba, akaguna.

"Mwenzio alikusamehe hadharani, mbele ya watu wote. Wewe mpaka leo hutaki hata kumpokea simu. Una roho gani, mwanangu?"

Bi Moshi akafikiria kumjibu. Mama alikuwa amekwisha kufa, ahadi ilikuwa imekaa kinywani mwake mpaka imeota kutu. Angeweza kumweleza yote, tangu mwanzo, na shangazi angemsikiliza kwa huruma, na akitoka nje angesema maskini, bado anajitetea.

"Nikuongeze chai?" akauliza.

Shangazi akasema hapana, imetosha, safari ni ndefu. Bi Moshi akamsindikiza mpaka barabarani, akamshikia mkoba mpaka alipopata usafiri. Aliporudi alikuta chuma cha kulehemu kimeachwa kikiwaka, kimechoma alama nyeusi kwenye mbao za meza. Akakichomoa kwenye umeme, akaikwangua ile alama kwa kisu, ikagoma kutoka.